"Niko tu": maneno ya kupumzika mtaani Kabiria

Ukipita Kabiria jioni, jirani na Riruta Satellite, Nairobi, utawakuta vijana wameketi kwenye mawe na mabenchi kando ya barabara, wengine wakiwa juu ya pikipiki wakingoja abiria. Muulize mmoja, "Form ni gani?", yaani kuna mpango gani. Atakujibu, "Hakuna form, niko tu."

Jibu hilo fupi limebeba mengi. Huenda anayelitoa ametoka mjengo, yaani kibarua cha ujenzi, sasa hivi, saruji ingali imeganda kwenye viatu. Huenda pia alirauka alfajiri kwenda huko huko akakosa kibarua, akarudi mikono mitupu. "Niko tu" inamsitiri. Halazimiki kueleza siku yake ilikuwaje, na aliyeuliza hachimbui. Aliyeketi anasogea, benchi linapata nafasi ya mtu mwingine.

Mahali pa kukaa hivyo ni base, na kila kikundi kina yake. Watu wa Pwani hubarizi barazani, Dar es Salaam kuna vijiwe, Unguja maskani. Nyumba ya chumba kimoja Nairobi haina baraza, basi baraza imehamia nje, mbele ya kinyozi au kwa muuza mutura. Hapo ndipo stori hupigwa, na hapo hapo ndipo fununu za kibarua cha kesho husikika. Wanaowaita vijana hawa wavivu wangekaa nao saa moja tu wangeyasikia hayo.

Msemo ninaoupenda zaidi ni "tuliza boli". Umetoka uwanjani: mpira ukija kwa kasi, mchezaji huutuliza kwanza, kifuani au mguuni, ndipo aamue ampasie nani. Kwa hiyo mtaani haambiwi mtu aliyejinyoosha kitandani. Anaambiwa aliyepandwa na hasira, aliyebanwa na deni, au abiria anayezozana na makanga kuhusu chenji: "Buda, tuliza boli." Mechi bado inaendelea, anachoombwa ni kupumua kidogo kabla ya kupiga.

Hata hivyo, mapumziko ya Nairobi yana jirani yake, "kaa rada", yaani kuwa macho. "Niko tu" na "kaa rada" yanaishi pamoja kwa sababu ambayo ni ya zamani. Enzi za ukoloni, Mwafrika aliyeonekana mjini bila kazi angeweza kukamatwa kwa uzururaji, na kipande chake cha utambulisho kikaguliwe. Sheria ya uzururaji ilifutwa mwaka wa 1997, lakini Kanuni ya Adhabu ilibaki na kifungu cha 182, kinachohusu watu "wavivu na wasio na utaratibu". Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo zinakiuka Mkataba wa Afrika wa haki hizo. Ilikuwa haki kabisa kusema hivyo, na ingefaa kusemwa miaka mingi kabla.

Maoni ya Arusha hayajafika kwenye benchi la kinyozi. Gari la makarao, yaani polisi, likichomoza kwenye kona, yule yule aliyekuwa akisema "niko tu" ndiye wa kwanza kuwanong'onezea wenzake, "Kaeni rada," nao huinuka mmoja mmoja, bila kukimbia, kwa maana anayekimbia ndiye anayekamatwa.