Je, Wajua? Mwanafunzi Ana Swali

Je, wajua kwamba mwanafunzi wa kidato cha tatu Lushoto aliwaachia wanafizikia ubishi ambao hawajaumaliza hadi leo? Ilikuwa mwaka 1963, Shule ya Sekondari Magamba. Erasto Mpemba na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Maziwa yakishachemshwa, desturi ni kuyaacha yapoe kwanza, lakini nafasi kwenye jokofu ilikuwa ndogo na Mpemba aliogopa kuikosa. Akayatia yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia baridi. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa.

Hakuliacha swali lake. Akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dkt. Denis Osborne, mhadhiri mgeni kutoka Dar es Salaam, na darasa likamcheka. Osborne alilichukua swali, likapimwa maabara, na mwaka 1969 makala yenye majina ya wote wawili ikatoka katika jarida la fizikia. Dunia inaliita jambo hilo athari ya Mpemba. Kuna wanasayansi wanaolikubali na kuna wanaolikataa. Kwangu kubwa ni kwamba kijana alithubutu kuuliza mara ya pili.

Je, wajua kwamba baadaye Mpemba alisomea uhifadhi wa wanyamapori katika Chuo cha Mweka, Kilimanjaro?

Na je, wajua kwamba milima ya Usambara, ilipo Lushoto hiyohiyo, ni asili ya ua dogo la zambarau linalopamba madirisha ya Ulaya na Marekani? Mbegu zake zilifika Ujerumani miaka ya 1890, na Wajerumani hadi leo hulitaja kwa jina la Usambara. Porini kwake linazidi kuadimika kadiri misitu inavyokatwa. Naona ni haki ya kila mwanafunzi wa Tanga kupelekwa msituni akalione, kabla hajakariri majina ya mimea ya mbali.

Tushuke pwani: mbegu ya mkoko huchipua ingali juu ya mti, kisha mche ndio unaodondoka topeni. Delta ya Rufiji ina msitu mkubwa wa mikoko kuliko mwingine wowote Afrika Mashariki.

Mifuko ya plastiki: Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Mifuko imepungua kweli. Chupa za maji bado zinaziba mitaro, na nyingine tunazitupa sisi wanafunzi wenyewe.

Je, wajua kwamba Roots & Shoots, mtandao wa vijana wa mazingira uliosambaa duniani, ulianza mwaka 1991 na wanafunzi 12 waliokutana nyumbani kwa mtafiti wa sokwe Jane Goodall, Dar es Salaam?

Sasa lugha, maana hapa ndipo panaponiuma. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali Tanzania anasoma sayansi kwa Kiswahili miaka yote, kisha akifika kidato cha kwanza kila kitu kinageuka Kiingereza. Wengi wanajua jibu lakini wananyamaza. Mwaka 1982 Tume ya Makweta, iliyoundwa kuchunguza elimu nchini, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia 1985. Haikutekelezwa. Kiingereza nakitaka, tena kifundishwe vizuri sana kama somo, ila kisiwe ukuta kati ya mwanafunzi na kemia.

Mwaka 2004 Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji aliwahutubia viongozi wa Umoja wa Afrika, Addis Ababa, kwa Kiswahili. Lakini huku kwetu wako wanafunzi wanaoadhibiwa kwa kukizungumza uwanjani mwa shule.

Kuhusu istilahi, je, wajua kwamba Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990? Iwekwe katika maktaba ya kila sekondari, na mwalimu aruhusiwe kuifungua mbele ya darasa.