Wataalamu wa Chuo cha Wamaroni cha Roma

Wamaroni ni waamini wa mojawapo kati ya Makanisa Katoliki ya Mashariki, lenye asili Siria na makao makuu nchini Lebanoni. Tangu zamani walikuwa jamii ndogo iliyoishi hasa milimani. Hata hivyo, kati ya karne ya 16 na ya 18, wachache wao waliosoma Roma waliweka msingi wa elimu ya lugha za Mashariki huko Ulaya.

Chanzo

Chuo hicho kilianzishwa na Papa Gregori XIII mwaka 1584 kwa ajili ya kulea mapadri. Wanafunzi wake walizungumza Kiarabu tangu utotoni, walisali kwa Kisiria, na huko Roma walijifunza Kilatini. Wakati huo Wazungu wachache sana waliweza kusoma lugha hizo tatu, kwa hiyo vijana hao walihitajika kama walimu, watafsiri na wakutubi.

Watu maarufu

- Jirjis Amira alitoa sarufi ya Kisiria mwaka 1596. Baadaye akawa Patriarki wa Wamaroni.
- Gabriel Sionita (1577–1648), mzaliwa wa Ehden, alifundisha Kiarabu na Kisiria mjini Paris. Alihariri matini za lugha hizo katika Biblia ya lugha nyingi iliyokamilika mwaka 1645. Kazi hiyo ilimgharimu: mwaka 1640 alifungwa gerezani kwa muda, akilaumiwa kuichelewesha.
- Abraham Ecchellensis (1605–1664) alifundisha Roma na Paris, na kushiriki kazi ya Biblia hiyohiyo.
- Joseph Simon Assemani (1687–1768) alitumwa na Papa Klementi XI mwaka 1715 kutafuta miswada huko Misri na Siria. Aliieleza katika kitabu chake *Bibliotheca Orientalis* (1719–1728), kisha akawa msimamizi wa Maktaba ya Vatikani. Miezi michache baada ya kifo chake, moto uliteketeza maandishi yake mengi ambayo hayajachapwa.
- Miguel Casiri (1710–1791) aliorodhesha miswada ya Kiarabu zaidi ya 1,800 ya Escorial, Hispania, iliyosalimika katika moto wa mwaka 1671.

Mchango kwao Lebanoni

Elimu hiyo haikubaki Ulaya tu. Mwaka 1610 Zaburi zilipigwa chapa katika monasteri ya Qozhaya, kwa Kisiria na kwa Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kisiria. Istifan al-Duwayhi, aliyesoma Roma, akawa Patriarki (1670–1704) na kuandika historia ya watu wake. Sinodi ya mwaka 1736, ambayo Assemani alihudhuria kama mjumbe wa Papa, ilihimiza kuanzishwa kwa shule mijini, vijijini na monasterini.

Mwaka 1789 monasteri ya Ain Warqa iligeuzwa kuwa shule kwa kufuata mfano wa chuo cha Roma. Humo alisoma Butrus al-Bustani (1819–1883), aliyezaliwa Mmaroni na baadaye kuwa Mprotestanti. Ndiye aliyetunga kamusi kubwa ya Kiarabu na kuanza kutoa ensaiklopedia ya Kiarabu mwaka 1876.

Tathmini

Miswada mingi iliyokusanywa iliondoka moja kwa moja katika monasteri za Mashariki, nayo hadi leo imo katika maktaba za Ulaya. Lakini kwa njia ya orodha na sarufi hizo, maandishi ambayo yangeweza kusahaulika yalianza kusomwa na watu wengi zaidi. Chuo chenyewe kilifungwa Wafaransa walipoiteka Roma mwaka 1798, kikafufuliwa mwishoni mwa karne ya 19 chini ya Papa Leo XIII.