Mwenendo wa Mwalimu wa Michezo kwa Mabinti Zetu



Mwezi huu twapenda kusema nanyi kwa habari ya michezo ya wasichana shuleni. Hapa Babati, chini ya Mlima Kwaraa, wasichana hubaki kiwanjani baada ya masomo, wengine kwa mpira wa pete, wengine kwa mbio, na siku hizi wengi kwa mpira wa miguu pia. Wako wazazi wafurahio jambo hili, na wako wanung'unikao, wakisema kwamba kiwanja huharibu binti. Hofu yao si ya bure, maana imetokea mahali pengi kwamba mtu mzima aliyepewa watoto awafundishe mchezo aliwatenda mabaya. Basi mzazi mwenye hofu humwagiza bintiye arudi nyumbani mara kengele ya mwisho iliapo.

Twaijua hofu hiyo, walakini dawa hiyo twaona si njema, kwa kuwa humwadhibu mtoto kwa kosa la mtu mzima. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kutaja wajibu wa mzazi, yahesabu haki ya mtoto ya kucheza na kupumzika pamoja na chakula, mavazi na elimu. Tena twajua matunda ya michezo. Mwaka 1965, huko Brazzaville, Theresia Dismas alirusha mkuki akaipatia Tanzania nishani ya fedha katika Michezo ya Afrika. Mwaka 2023 wasichana wa Shule ya Sekondari Fountain Gate ya Dodoma walitwaa kombe la mpira wa miguu la shule za Afrika huko Durban. Kama wangefungiwa nyumbani, nani angewajua?

Basi la kufanya ni kuweka kanuni, na kuzishika. Kanuni hizo ni za namna mbili: zile za mchezaji, na zile za mwalimu wake.

Za mchezaji twazijua sana. Katika UMITASHUMTA kwa shule za msingi, na UMISSETA kwa shule za sekondari, kila mtu amesikia habari za mamluki, yaani mchezaji asiye mwanafunzi halali wa shule ile, au aliyepita umri. Timu pinzani huwa na macho makali kwa jambo hili. Majina hukaguliwa, vyeti huulizwa, na malalamiko huandikwa, kwa sababu kombe laweza kupotea. Lakini twauliza: je, mwalimu aliyekuja na timu hukaguliwa hivyo? Mara nyingi yatosha kwamba ajua mchezo na kwamba timu yake hushinda. Hapo ndipo penye upungufu wetu. Twalinda kombe kuliko tumlindavyo mtoto.

Ulimwengu umekwisha kuona madhara yake. Huko Marekani, Larry Nassar, daktari wa timu ya wasichana wa mazoezi ya viungo, alihukumiwa mwaka 2018 kifungo cha miaka 40 hadi 175 kwa kuwanajisi wasichana aliopewa awatibu. Wanawake na wasichana zaidi ya 150 walitoa habari zao katika hukumu ile. Baadhi yao walikuwa wamelalamika miaka mingi kabla, wala hawakusikilizwa, kwa kuwa mtu yule alisifiwa kwa ustadi wake. Sifa ya kazi ilikuwa pazia la uovu. Jambo hili laweza kuota mahali popote ambapo mtu mmoja peke yake ana uwezo wa kumchagua mtoto au kumwacha.

Katika nchi yetu sheria haikunyamaza. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 yamhesabia mtu kosa la kubaka akilala na msichana aliye chini ya miaka 18 asiye mkewe, hata kama msichana alikubali. Na adhabu yake si chini ya miaka 30 gerezani. Sheria hiyo yamtaja pia mtu mwenye mamlaka atumiaye cheo chake kumpata mwanamke. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu iliongezwa, hata ampaye mwanafunzi mimba apata kifungo cha miaka 30. Kwa habari ya viboko, kanuni za mwaka 2002 ziliweka kwamba visizidi 4, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyepewa ruhusa naye kwa maandishi, viandikwe kitabuni, na msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo. Kwa hiyo kocha amchapaye binti kwa sababu ameukosa mpira hana kanuni ya kumtetea.

Lakini sheria ya gerezani huja baada ya msiba. Sisi twataka kanuni zitangulie. Haya ndiyo tuonayo yafaa kila shule iyaandike na kuyabandika ukutani.

Kwanza, asianze mazoezi msichana yeyote pasipo barua ya mzazi. Barua ya shule itaje siku, saa, mahali, na jina la mwalimu. Na mzazi ajibu kwa kutaja ugonjwa wa mtoto, kama vile pumu au moyo, ili asilazimishwe kupita nguvu zake.

Pili, ahudhuriaye masomo ndiye ahudhuriaye mazoezi. Wala asiwekwe mtu wa nje ya shule katika mazoezi ya watoto, hata kama ni stadi.

Tatu, mwanafunzi ni mwanafunzi. Tangu Novemba 2021 serikali imewaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni. Basi aliyerudi darasani, na mganga akisema mwili wake umepona, asifukuzwe kiwanjani kwa masengenyo.

Nne, mwalimu wa kiume asiwe peke yake na msichana mahali pa siri: si ofisini mlango umefungwa, si nyumbani kwake, wala si juu ya pikipiki jioni. Mazoezi yawe mahali paonekanapo, nayo yaishe kabla ya giza, watoto waende makwao kwa makundi.

Tano, asiwaandikie wasichana ujumbe wa simu kwa siri, wala asiwape zawadi. Neno la timu lipitie kwa mzazi au kwa mwalimu wa kike.

Sita, akitaka kusahihisha mwili wa mchezaji, aonyeshe kwa mwili wake mwenyewe, au amwite mwalimu wa kike. Wala asimtukane mtoto kwa unene, wembamba au siku zake za mwezi.

Saba, wachezaji wachaguliwe na walimu wawili au watatu. Mtu mmoja akishika peke yake ufunguo wa timu, msichana huogopa kumkatalia neno.

Nane, katika safari awepo matroni, alale karibu na wasichana. Fikirini: mwaka 2021 michezo ya taifa ilikuwa Mtwara, na mwaka 2022 Tabora. Mtoto atokaye Babati hukaa kambini siku nyingi mbali na mamaye. Jina la matroni na namba yake vijulikane nyumbani kabla gari halijaondoka.

Mwalimu mwema asione kwamba kanuni hizi zamshuku. Zamkinga yeye pia na maneno ya uongo, kwa kuwa atendaye kazi yake mbele ya watu ana mashahidi.

Na ikiwa jambo limekwisha kutokea? Ninyi wazazi, msimpige binti, wala msimwulize alivaa nini. Msikilizeni hata mwisho. Kisha msikubali kupatana kwa ng'ombe au fedha ili kuficha aibu, maana mkosaji atahamia kiwanja kingine, na mtoto mwingine ataumia. Nendeni polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, au kwa afisa ustawi wa jamii. Simu namba 116 ni ya watoto, wala haina malipo. Sheria ya Mtoto yamtaka kila mtu aliyejua kwamba haki ya mtoto yavunjwa apeleke habari kwa serikali ya mahali pake. Jirani naye ana wajibu huo, na mwalimu mwenzake mkosaji pia.

Basi, wasomaji wetu, katika mkutano ujao wa wazazi ulizeni maneno matatu: Nani awafundisha binti zetu mchezo? Nani yupo pamoja naye? Mtoto akiwa na shida amwambie nani? Shule ijibuyo maneno hayo waziwazi, mpeni mtoto viatu vyake vya mazoezi, mkamwache acheze.