Mzazi yuko makaoni: Usikubali kuambiwa 'ni uzee tu'

Zamani mtu akizeeka alibaki bomani kwake, wajukuu wakimtekea maji na wakaza wana wakimpikia uji. Siku hizi wana wako Nairobi, Mombasa au ng'ambo, wajukuu wako shuleni, na msichana wa kazi hawezi peke yake kumwinua mzee aliyepooza. Ndiyo maana familia kadhaa za mjini zimeanza kuwapeleka wazazi wao katika makao ya wazee. Wapo watakaokunyoshea kidole kwa kufanya hivyo. Sisi hatukulaumu, kwani kuna makao yanayowatunza wazee vizuri kuliko walivyotunzwa na watoto wao wenyewe. Lakini je, utajuaje kama mzazi wako yuko katika makao ya namna hiyo?

Mwaka wa 2023 shirika la utangazaji la BBC lilionyesha picha zilizopigwa kwa siri ndani ya makao ya wazee karibu na Nairobi. Watazamaji walijionea wazee wakipigwa na kupuuzwa na watu waliopaswa kuwatunza. Wala Kenya haiko peke yake. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali, wahudumu 2 kati ya 3 wa makao kama hayo walikiri kuwa walikuwa wamemtendea mzee ubaya katika mwaka uliotangulia.

Shida ni kwamba kila unapouliza, jibu ni moja. Mbona mama amekonda? Ni uzee. Mbona hasemi siku hizi? Ni uzee. Ewe msomaji, uzee huja polepole. Mzee aliyekuwa akikutambua wiki iliyopita na leo anapayapaya hajazeeka kwa siku saba. Huenda hanywi maji ya kutosha, ana maambukizi katika njia ya mkojo, au amezidishiwa dawa za usingizi ili asiwasumbue wahudumu usiku. Tazama midomo yake kama imekauka. Uliza mkojo wake una rangi gani. Kuna wahudumu wanaowapunguzia wazee maji kusudi wasiloweshe matandiko, na kwa kuwa mzee hasikii kiu kama kijana, hatalalamika.

Kisha kuna vidonda vya kulala. Mtu asiyeweza kujigeuza kitandani anapaswa kugeuzwa mara kwa mara, kwa kawaida kila baada ya saa 2 hivi. Asipogeuzwa, uzito wa mwili huikandamiza ngozi penye mifupa: visigino, nyonga na chini ya mgongo. Damu haipiti vyema na nyama huanza kufa. Kwa Mzungu dalili ya kwanza ni wekundu, lakini kwa ngozi yetu utaona doa jeusi zaidi, lenye joto au ugumu ukiligusa. Huwezi kuliona doa hilo mzee akiwa amefunikwa shuka hadi shingoni, kwa hivyo siku moja omba kumwogesha wewe mwenyewe. Mila nyingi za kwetu hazimruhusu mwana wa kiume kumwona mamake uchi; basi na aende dada au shangazi. Ni kweli mgonjwa mahututi anaweza kupata vidonda hivyo hata akitunzwa, lakini mhudumu mwema atakuwa amekuambia kabla hujajionea.

Kuhusu alama za kuvilia damu, usikimbilie kumshuku mtu. Ngozi ya mzee ni nyepesi na mikono yake huvilia kwa kugonga meza tu. Alama za kutilia shaka ni zile za shingoni, masikioni, kifuani au makalioni, au zilizozunguka vifundo vyote viwili vya mikono kama aliyefungwa kamba.

Usitarajie mzee akueleze. Atawezaje kumshtaki mtu atakayebaki naye ukishaondoka? Isitoshe, anaogopa kukuongezea mzigo. Mtazame mhudumu anapoingia chumbani. Mzee akinyamaza ghafla au akijikunyata, hayo ni maneno tosha. Mhudumu asiyekubali muwe wawili peke yenu, naye anajisema.

Tena, usiende Jumapili pekee baada ya kanisa, wakati sakafu imepigwa deki na wazee wamevishwa nguo safi. Pita Jumanne jioni wanapolishwa. Uliza ni wahudumu wangapi hukesha, na kwa wazee wangapi. Mtu mmoja hawezi kuwageuza watu thelathini usiku, hata angekuwa na moyo wa malaika. Hapo mwenye kosa ni anayepokea ada bila kuajiri watu.

Fedha nazo ziangalie. Kama mzazi hupokea zile shilingi 2,000 za Inua Jamii kila mwezi, jua nani anaye na kitambulisho chake na namba yake ya siri ya simu.

Ukiona jambo lisiloeleweka, piga picha, andika tarehe na jibu ulilopewa. Kama kuna jeraha, mpeleke kwanza kwa daktari ambaye hakuchaguliwa na makao hayo, kisha uende kituo cha polisi uitishe fomu ya P3. Ikiwa ni kupuuzwa, wasimamizi wapewe barua, nakala iende kwa ofisa wa ustawi wa jamii wa eneo hilo. Humwombi mtu hisani, kwani kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Na kabla ya kuipeleka barua hiyo, amua mzazi wako atalala wapi usiku huo.