Mkulima Awaye Mtunza Chakula

Ewe mkulima wa Namtumbo, huenda umelima miaka mingi, nawe wajiuliza ni kazi gani nyingine imfaayo mtu ajuaye jembe. Kazi iko: kuweka na kusaga chakula cha jirani zako. Ghala na mashine humtaka mtu ayajuaye mahindi kwa macho na kwa meno, wala si karani wa hesabu peke yake.

Sikiliza habari ya Litowa, katika Songea, wilaya ambayo Namtumbo ilikuwa sehemu yake hata mwaka 2002. Mwaka 1960 vijana wa TANU, wakiongozwa na Bwana Ntimbanjayo Millinga, walikwenda huko kulima pamoja. Wakashindwa, kwa kuwa chakula kiliwapungukia kabla shamba halijazaa. Mwaka 1961 walirudi, wakadumu. Vijiji vingine viliwafuata, vikaungana kuwa chama kimoja, nacho kikapata mashine ya kusaga nafaka mjini Songea. Basi watu waliofukuzwa na njaa wakawa wasagaji wa unga. Serikali ilikivunja chama mwaka 1969, wala sababu haikuwa ubaya wa unga.

Kwa hiyo usinunue mahindi ya watu kabla hujapima ya nyumbani. Hesabu madebe yaliwayo kwako kwa mwezi, uzidishe kwa miezi yote toka mavuno hata mahindi mabichi ya mwaka ujao, kisha uyafungie. Aliyeuza yote hujuta wakati wa palizi, mvua ikinyesha na kihenge kitupu.

Tena jifunze kujua unyevu. Twaa chupa kavu yenye kifuniko, utie mahindi hata theluthi yake, pamoja na vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu. Tikisa sana, uache robo saa. Chumvi ikinata katika chupa, mahindi yangali na maji, yaanikwe tena. Isiponata, yafaa kuwekwa.

Yuko na dumuzi, mdudu aliyeonekana kwanza hapa nchini upande wa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hupenda sana mahindi yaliyo katika magunzi, akayafanya vumbi. Pukuchua mapema, pepeta, uchanganye dawa kwa kipimo atakachokuonyesha Bwana Shamba au Bibi Shamba.

Jirani akikuletea gunia lenye maji, usilipokee kwa kuona haya. Ipime chupa mbele yake, aione chumvi mwenyewe, arudi nalo akalianike.