Kushindilika na Kudidimia: Mitetemo ya Marudio katika Uchunguzi wa Mahodhi ya Mafuta

Wahenga walinena kuwa bandubandu huisha gogo. Katika uchimbaji wa mafuta, hata hivyo, kinachobanduka hakionekani kwa macho. Aghalabu watu hudhani kwamba mafuta hukaa ardhini kama ziwa ndani ya pango. Ukweli ni kwamba hukaa katika vitundu vidogo mno vya mwamba, mithili ya maji yaliyofyonzwa na sponji. Uzito wa matabaka ya juu hubebwa kwa ushirika: sehemu hubebwa na mwamba wenyewe, na sehemu nyingine na shinikizo la viowevu vilivyomo vitunduni. Mafuta na gesi vinapotolewa, shinikizo hupungua na mwamba hutwishwa mzigo mkubwa zaidi. Ukiwa dhaifu, hushindilika.

Mfano maarufu ni Ekofisk, katika Bahari ya Kaskazini upande wa Norwe. Hodhi hili liligunduliwa mwaka wa 1969 na kuanza kutoa mafuta mwaka wa 1971. Mwamba wake ni chaki, nao uko takribani kilomita 3 chini ya sakafu ya bahari. Chaki hiyo ni mabaki ya viumbe wadogo wa baharini, na katika baadhi ya sehemu vitundu huchukua asilimia 40 ya ujazo wake au zaidi. Mwaka wa 1984 ilibainika kwamba sakafu ya bahari ilikuwa ikididimia pamoja na majukwaa yaliyosimama juu yake. Mawimbi ya dhoruba yakawa tishio kwa uhai wa wafanyakazi. Mwaka wa 1987 majukwaa yaliinuliwa kwa mita 6, na mwaka huohuo maji yakaanza kusukumwa hodhini ili kurejesha shinikizo. Ajabu ni kwamba maji hayo nayo huidhoofisha chaki. Hivyo, mdidimio uliendelea kwa muda hata baada ya shinikizo kuimarika.

Kupima sakafu ya bahari pekee hakutoshi, kwa kuwa hakuonyeshi ni sehemu gani ya hodhi inayoshindilika. Hapa ndipo upimaji wa mitetemo kwa marudio unapohitajika. Meli hupiga bunduki za hewa majini. Mawimbi ya sauti hupenya ardhini, huakisiwa na matabaka ya miamba na kurudi kwenye vinasio. Muda wa safari hiyo hurekodiwa. Baada ya miezi au miaka kadhaa, upimaji hurudiwa mahali palepale na matokeo ya awali hulinganishwa na ya baadaye.

Tofauti za muda ndizo zinazofichua siri. Kilele cha hodhi hushuka zaidi kuliko sakafu ya bahari, kwa hiyo matabaka yaliyo kati yake hutanuka kidogo. Mwamba uliotanuka hupitisha mawimbi polepole. Mwangwi kutoka kilele cha hodhi basi huchelewa kwa milisekunde chache. Kwa kuchora ucheleweshaji huo kwenye ramani, wataalamu hutambua palipo na mshindiliano mkubwa. Aidha, hubashiri visima vilivyo katika hatari ya kupinda au kukatika, na kuamua mahali pa kusukuma maji.

Hata hivyo, mbinu hii ina masharti. Iwapo vyombo havitawekwa palepale, kosa la upimaji laweza kudhaniwa kuwa badiliko la mwamba. Kwa sababu hiyo, nyaya za kudumu zenye vinasio zilifukiwa katika sakafu ya bahari huko Valhall, hodhi jingine la chaki nchini Norwe, mwaka wa 2003. Ekofisk ilifuata mwaka wa 2010. Isitoshe, maji yanapochukua nafasi ya mafuta, kasi ya mawimbi hodhini hubadilika pia. Ndiyo maana matokeo husomwa sambamba na vipimo vya visimani na vya sakafu ya bahari.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, suala hili lina funzo la kiistilahi. Kushindilika hutokea ndani ya hodhi; kudidimia huonekana juu. La kwanza ni chanzo, la pili ni tokeo. Anayeyaita yote mawili "kuzama" huficha uhusiano ambao sayansi hii inakusudia kuudhihirisha. Mafuta yaligunduliwa Turkana mwaka wa 2012, na miamba ya huko ni ya mchanga, si chaki. Kwa hiyo haifai kudhani kwamba yaliyoipata Ekofisk yatajirudia huko. Lakini mwananchi anayeuliza ardhi yake itakuwaje baada ya mafuta kutolewa anastahili kujibiwa kwa lugha anayoielewa, na kwa istilahi zisizochanganya chanzo na tokeo.