Makmende Hakushindwa, Ndiyo Maana Alikwisha

Mtoto wa Eastlands, Nairobi, aliyejitia ubabe katika miaka ya tisini alikatwa kauli kwa swali moja: wajifanya Makmende? Jina hilo, inavyosemwa, lilitoka kwenye vibanda vya video. Clint Eastwood, akiwa Harry Callahan katika filamu ya Sudden Impact ya 1983, anamwambia jambazi maneno machache ya kumchokoza: make my day. Watoto waliyashika kwa sikio walivyoweza, wakamvika mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Ikumbukwe tu kwamba Callahan ni askari anayeona mahakama inamchelewesha. Tutamrudia.

Machi 2010, bendi ya Just A Band ilitoa video ya wimbo wake Ha-He, ikiigiza filamu za Wamarekani weusi za miaka ya sabini. Kevin Maina alikuwa Makmende, amerudi kunyoosha wahuni. Haikupita wiki, mhusika akawa wa kila mtu. Kwenye Twitter na Facebook Wakenya walimtungia nguvu mpya usiku na mchana: nguo zake anazianika kwenye laini ya Safaricom, zikikauka anazihifadhi kwenye flashi. Akatengenezewa majalada bandia ya majarida makubwa. Ukurasa wake wa Wikipedia ulifutwa na kurudishwa kabla ya kukubaliwa, na vyombo vya habari vya Marekani vikaandika kwamba Kenya imepata kichekesho chake cha kwanza cha kuenea mtandaoni.

Baada ya miezi michache kicheko kilipoa. Mimi naona sababu ni hii: maelfu walimwongezea nguvu, hakuna aliyemtia jeraha. Adui zake kwenye video walikuwa na majina mazuri tu, lakini mtandaoni nani angejitolea kuwa mmoja wao? Kupigwa na Makmende kulikuwa kazi ya dakika moja.

Wanaocheza michezo ya kuigiza mashujaa mtandaoni, ile ambayo kila mchezaji anamiliki mhusika wake na hadithi inaandikwa kwa zamu, walikwishalitambua tatizo hili na kuliwekea sheria. Mimi naandika kwamba nimerusha ngumi. Sina ruhusa ya kuandika kwamba imekupata. Wewe ndiwe unayeamua kama umekwepa, umeyumba au umelala chini, na mchezaji ambaye hapatwi na pigo mwezi mzima huachwa acheze peke yake. Sheria hiyo ndogo ndiyo inayoshikilia mchezo wote.

Tatizo kubwa zaidi ni shujaa mkorofi, yule anayetenda mema kwa njia chafu. Kila kijana anamtaka yeye. Ana koti jeusi, ana kisasi, hana bosi. Lakini wachezaji kumi wakiwa wakorofi kumi, ukorofi wenyewe unapotea, maana hakuna mnyoofu wa kuudhika. Punisher wa katuni za Marvel alipotokea mara ya kwanza mwaka 1974 hakuwa na kitabu chake. Aliingia katika hadithi ya Spider-Man, tena kama mpinzani, na msomaji alimpima kwa kumtazama mtu ambaye hataki kuua. Bila Spider-Man pembeni, ni mtu mwenye bunduki tu.

Watoto wa mitaa yetu hawakuhitaji Marvel kuwaeleza hayo. Katika polisi na wezi, aliyekuwa polisi raundi hii ni mwizi raundi ijayo, na anayekataa zamu yake hupelekwa nyumbani akilia.

Mfano mzuri kuliko wote wa mkorofi anayeweza kujibiwa tulikuwa nao mikononi, nao ulianza Februari 2010, mwezi mmoja tu kabla ya Makmende kurudi. Shujaaz, kitabu cha katuni cha Well Told Story, kiligawiwa bure ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa, kimeandikwa kwa Sheng. Boyie amemaliza shule, hana kazi, na chumbani mwake amejiundia kituo cha redio ambacho hakina leseni. Hewani anaitwa DJ B, na jirani hawajui ni yeye. Huyo ni mvunja sheria, tusipake rangi. Ila hana ngumi ya chuma, anakosea, anaogopa kukamatwa, na wasomaji walimwandikia kwa SMS na Facebook wakimpa habari zao. Mwaka 2012 Shujaaz ilipata tuzo ya Emmy ya Kimataifa. Boyie alidumu kwa sababu kila msomaji aliweza kumjibu.

Sasa turudi kwa Callahan, maana askari wa aina yake amepata mashabiki mtandaoni. Kwa miaka kadhaa akaunti za Facebook zenye majina kama Hessy wa Kayole na Hessy wa Dandora zimechapisha picha za vijana wanaoitwa wahalifu: kwanza onyo, baadaye maiti. Jina ni moja, akaunti ni nyingi. Chini yake watu wanapongeza, wengine wanaomba Hessy afike na mtaani kwao. Ukisoma maoni hayo unasikia lugha ileile ya Makmende, yule asiyekosea shabaha. Siwashangai walioporwa simu mara mbili kwa wiki moja; hasira yao ni ya kweli. Lakini hapa aliyepewa nafasi ya adui hakuulizwa kama pigo limempata, wala hana zamu ijayo. Human Rights Watch ilisema Julai 2019 kwamba polisi walikuwa wameua kwa risasi wanaume na wavulana wasiopungua 21 Dandora na Mathare tangu Agosti 2018. Mama zao wanaishi mitaa hiyohiyo, na wengine wamejiunga kudai haki mahakamani, kule kule ambako Callahan hakuwa na subira ya kufika.

Kwa hiyo wewe kijana wa Umoja au Kariobangi unayefungua kundi la mashujaa wiki hii, mruhusu anayetaka kuwa Punisher aingie. Ila kabla hajaandika mstari wa kwanza, tafuta mchezaji atakayekuwa hakimu, na mwingine atakayekuwa mama wa marehemu, na wote wawili wawe na haki ya kumjibu.